Safu ya Nne

Orodha ilibandikwa Ijumaa saa sita na robo mchana, saa ambayo Mkuu wa Utumishi huichagua kwa makusudi, maana wenye hasira wakimaliza kusoma hukuta ofisi yake imefungwa hadi Jumatatu. Vibarua tisa wa chumba cha kufulia cha hospitali waliacha mashuka yakizunguka ndani ya mashine wakakimbilia ubaoni. Nafasi za kudumu zilikuwa tatu, na majina matatu. Chini yake palikuwa na muhuri na sahihi tatu za wanakamati, basi.

Jina la juu kabisa lilikuwa la Ndiyo-Ndiyo. Hilo liliwafanya watu wacheke kwanza, kabla hawajakumbuka kukasirika. Ndiyo-Ndiyo alikuwa mpole wa kupindukia. Kwenye usaili aliulizwa angefanya nini mashine ikishika moto, akajibu, "Ndiyo, mkuu." Akaulizwa tena, akajibu hivyo hivyo, na habari ikazunguka wodi zote kabla jasho lake halijakauka. Sasa alipoona jina lake aligeuka kutazama kama nyuma yake kuna mtu mwingine anayeitwa hivyo.

Mama Pasi hakucheka. Alisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, na njia zote mbili hakuwemo. Miaka saba alikuwa akipiga pasi majoho ya chumba cha upasuaji, na majoho yaliyopigwa pasi na wengine yalikuwa yakirudishwa na ujumbe mmoja tu: mpeni Mama Pasi. Miaka saba ya kungoja aambiwe Jumamosi kama Jumatatu aje au asije. Mwaka juzi alipougua mapafu alilazwa wiki mbili kwenye shuka alizozifua mwenyewe, na alipotoka alikuta meza yake ina mtu mwingine, akaanza upya kubembeleza. Ajira ya kudumu kwake haikuwa ufahari. Ilikuwa ni ruhusa ya kuugua.

"Shoga," mwenzake mmoja alimwambia kwa sauti iliyokusudiwa kusikiwa na wote, "si mumeo ndiye karani aliyejumlisha alama? Au nyumbani kwenu mnaongea kwa barua?"

Wakaangua kicheko. Mama Pasi alijifuta mikono kwenye aproni, akaelekea ofisini.

Mumewe alijua kwamba angekuja, na tangu asubuhi alikuwa amejiandalia maneno. Hospitali nzima ilimwita Karani, na hata mama yake mzazi alikuwa amelisahau jina alilompa, au angalau alipenda hili zaidi. Alikuwa mtu wa rula na kalamu tatu, mwandiko wake umelala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo. Hakuna karatasi iliyopita mikononi mwake bila yeye kujiwekea nakala. Jina la mkewe lilipotokea kati ya waombaji alikwenda mwenyewe kwa Mkuu wa Utumishi kumweleza, na Mkuu akamjibu, "Wewe utajumlisha tu. Kujumlisha hakuna shemeji." Karani alitoka mle kifua mbele. Kwa wiki mbili nzima aliishi na wazo kwamba ataonyesha watu uadilifu ni kitu gani.

"Baba watoto," mkewe alisema akiwa amesimama kwenye dirisha la kaunta, "nimekuwa wa ngapi?"

"Matokeo yako ubaoni."

"Ubaoni simo. Nakuuliza nimekuwa wa ngapi."

Palikuwa na mlinzi mlangoni na wauguzi wawili waliokuja kufuata fomu za likizo. Karani aliyahisi macho yao shavuni. Akainyoosha rula yake mezani.

"Dada," alisema, "kama una lalamiko, liandike. Unazo siku mbili za kazi."

Wauguzi walitazamana. Mama Pasi alimwangalia mumewe wa miaka kumi na minne, ambaye asubuhi ile ile yeye ndiye aliyemfungia kifungo cha shati kwa kuwa mume alikuwa na jeraha kidoleni.

"Dada?" alisema. Hakungoja jibu, akarudi kwenye mashine zake.

Saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado kali uani, Karani aliingia nyumbani na mkoba wake kwapani. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda akichagua mchele. Mkewe alikuwa ameinama juu ya sufuria, anaikwangua kwa nguvu ambayo sufuria haikustahili.

"Amefika dada yangu," Mama Pasi alisema bila kuinua kichwa.

"Usianze."

"Sijaanza. Ulianza wewe, mbele ya mlinzi."

"Ulitaka nifanye nini? Nikukumbatie? Watu wanangoja waseme nimekupendelea!"

"Hawana haja ya kungoja tena. Sasa wanasema hata mume wangu hanitaki."

Mama mkwe aliitupa punje mbovu pembeni. "Mimi naona mwanangu amefanya haki. Mwanamke gani anakwenda kumkoromea mume wake ofisini? Kazi ukikosa umekosa. Wangapi wamekosa?"

"Sita, mama," Mama Pasi alisema. "Tulikuwa tisa."

Karani alikuwa amekusudia kunyamaza, lakini kunyamaza kulimshinda. Kilichomuuma si kwamba mkewe amekosa kazi. Tuseme ukweli, hilo lilimuuma kidogo tu. Kilichomuuma ni kwamba hakuna mtu, hata mmoja, aliyemwambia kwamba kazi yake ni safi. Alifungua mkoba akatoa karatasi kubwa iliyokunjwa mara nne, akaitandaza juu ya meza ya nje na kuibana kwa kikombe.

"Hii haipaswi kutoka ofisini," alisema. "Nakuonyesha ili ukome kuniona mbaya. Njoo utazame. Hakuna hila hata moja humu. Umekosa kwa alama moja. Moja! Wa tatu ana hamsini na nne, wewe una hamsini na tatu."

Mama Pasi aliacha sufuria. Alikuja akiwa bado na majivu mikononi, akasimama mbali kidogo asiichafue. Lazima ikubalike kwamba ilikuwa karatasi nzuri. Mistari ilikuwa imenyooka, majina tisa yamepangwa, na safu zimepigwa wino wa rangi mbili. Karani alianza kueleza, na sauti yake ikawa ya mwalimu.

Vipimo vilikuwa vinne, alisema, na hapo ndipo ugumu wa kazi ulipokuwa, maana kila kimoja kilikuja kwa lugha yake. Mtihani wa kuandika ulikuja kwa alama, juu ya ishirini. Kazi ya mikono ilikuja kwa herufi, na mwongozo unasema A ni ishirini, B ni kumi na tano, C ni kumi. Ripoti ya msimamizi ilikuja kwa maneno, "bora sana", "nzuri", "wastani", nayo mwongozo umeipangia vivyo hivyo. Usaili sasa. Mkuu wa Utumishi alikataa kutoa alama kwenye usaili, akasema mtu hapimwi kwa namba kama gunia, kwa hiyo kamati iliwapanga tu nafasi zao, wa kwanza hadi wa tisa. Mtu mwingine angechanganyikiwa na mseto huo. Yeye alivileta vyote vinne kwenye mstari mmoja akajumlisha.

"Mimi ni huyu?" Mama Pasi aliuliza, kidole kikielea juu ya jina lake.

"Ndiye. Kuandika kumi na mbili. Hapo ndipo ulipoangukia, nilikwambia usome. Mikono ishirini. Msimamizi ishirini."

"Na hii moja?"

"Usaili. Ulikuwa wa kwanza." Akaongeza kwa ukarimu, "Hongera."

"Na Ndiyo-Ndiyo hapa ana tisa."

"Alikuwa wa tisa. Kila mtu anajua."

"Halafu ukajumlisha."

"Nikajumlisha. Kumi na tano, kumi na tano, ishirini, kisha tisa: hamsini na tisa. Mara tatu nilijumlisha, na kila mara jibu ni hilo hilo."

Mama Pasi aliifuata safu ya mwisho kwa kidole, jina kwa jina, bila kuigusa. Mama mkwe naye aliacha kuchagua mchele, kwa sababu ukimya wa mkamwana wake haukuwa kitu cha kawaida.

"Kwa hiyo," Mama Pasi alisema polepole, "mimi kwa kuwashinda wote wanane nimepewa alama moja. Na yeye kwa kushindwa na wote wanane amepewa tisa."

Karani alifungua kinywa kumsahihisha. Alitazama safu ya nne. Ilikuwa imenyooka. Moja, tisa, tano, saba, mbili, zote kwa mwandiko wake uliolala vizuri, na zote, kwa ghafla, kichwa chini miguu juu. Mwongozo haukusema kitu kuhusu nafasi. Alikuwa ameziandika kama zilivyokuja, kwa kuwa namba kwake ilikuwa namba, na namba hujumlishwa.

"Ndivyo kamati ilivyozileta," alisema.

"Kamati ilisema mimi wa kwanza. Haikusema unipe moja."

"Mimi sibadilishi takwimu za kamati."

"Ningekaa pale nikasema ndiyo mkuu, ndiyo mkuu, leo ningekuwa na kazi!" Sasa sauti yake ilipanda. "Nilisoma wiki nzima! Niliwaeleza joto la majoho, niliwaeleza dawa, niliwaeleza moto. Hata Matroni wa kamati alinishika mkono. Kumbe kila jibu zuri nililotoa lilikuwa linanipunguzia alama!"

"Wewe," mama mkwe alisema, "mwanangu ana cheti cha ukarani. Wewe umeishia darasa la saba."

"Mama, hata darasa la kwanza walitufundisha anayeongoza ni nani."

Karani aliiondoa karatasi chini ya kikombe akaikunja. Ilikunjika vibaya, jambo lisilomtokea kwa kawaida. Mkewe alimshika kiwiko na mkono wenye majivu, na alama tano nyeusi zikabaki kwenye shati.

"Jumatatu asubuhi nenda ukawaambie umekosea."

"Rahisi hivyo?"

"Sema umegundua mwenyewe. Mimi simo."

"Utakosaje kuwemo? Orodha imetoka Ijumaa mke wangu hayumo, Jumatatu nimegundua kosa, na kosa lenyewe linamtoa Ndiyo-Ndiyo linamwingiza mke wangu. Watasema nini? Watasema hesabu nimefanyiwa kitandani!"

"Wataitazama karatasi wataona."

"Hawataitazama! Wale hawatazami, wanatia sahihi. Nitaonekana mwongo, na nisipoonekana mwongo nitaonekana mjinga. Miaka tisa nakaa kwenye kile kiti, hakuna aliyewahi kunikuta na kosa."

"Kwa hiyo kwa kuwa ni mkeo, acha nionewe."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema. Wewe husemi, unaandika." Alirudi kwenye sufuria. "Nakupa mpaka Jumatatu."

Jumamosi na Jumapili hawakusemezana isipokuwa kwa kupitia kwa mama mkwe, ambaye alifikisha ujumbe akiongeza na wa kwake.

Jumatatu Karani alipiga moyo konde. Alibisha kwa Mkuu wa Utumishi saa mbili na dakika tano, nakala mfukoni, sentensi ya kwanza imeshakaririwa: Mkuu, kuna jambo dogo kwenye safu ya nne. Mkuu alikuwa mtu mnene mwenye hasira za asubuhi, na alikuwa akimfokea mtu kwenye simu kuhusu maji. Mbele yake, kwenye ncha ya kiti, alikuwa amekaa Ndiyo-Ndiyo na barua yake ya ajira, ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshike.

"Karani!" Mkuu alisema akikata simu. "Wewe ndiye mtu pekee humu ndani anayeniacha nilale. Umesikia? Bwana Stoo ameniletea hesabu za magodoro, kila ukurasa una jibu lake. Lakini ile orodha yako! Niliitia sahihi bila hata kuvaa miwani. Ulikuwa na shida gani?"

Ndiyo-Ndiyo alimgeukia Karani akamtazama kwa macho yaliyojaa shukrani za kweli, macho ya mtu ambaye hajawahi kuwa wa kwanza kwa lolote.

"Nilitaka kujua," Karani alisema, "kama barua ziende leo au kesho."

"Leo, leo. Zimeshakwenda hata."

Alitoka. Alirudi mezani kwake, na lililokuwa baya zaidi ni kwamba alikuwa amefurahi kusifiwa. Aliona aibu, akaifunika aibu kwa kunoa penseli zote, hata zilizokuwa kali.

Saa nne mkewe alisimama kwenye dirisha la kaunta. Alimwangalia usoni, mara moja tu, akajua. Hakuuliza. Alisukuma karatasi ya daftari iliyokunjwa mara mbili.

Lilikuwa lalamiko, kwa mwandiko mkubwa wa kubonyeza. Mimi mwombaji wa kazi ya kufua nalalamika kwamba kwenye kuandika nilipata kumi na mbili, mikono ishirini, msimamizi ishirini, na usaili nilikuwa wa kwanza nikapewa moja, na aliyekuwa wa tisa akapewa tisa. Naomba mtu wa kwanza ahesabiwe kama wa kwanza.

Karani alisoma mpaka mwisho. Kazi yake ilikuwa kuligonga muhuri wa "Imepokelewa" na kuandika saa. Aligonga, akaandika saa.

"Sijaandika aliyenionyesha," mkewe alisema kwa sauti ya chini. "Hapo nimekuachia wewe."

Kamati ilikaa Jumanne asubuhi kwenye chumba chenye meza ndefu na viti visivyolingana. Mkuu wa Utumishi alikaa kichwani mwa meza, Matroni kulia kwake, Bwana Stoo kushoto akiwa na usingizi. Karani alikaa pembeni na daftari la mihtasari. Mama Pasi hakupewa kiti, si kwa ubaya, ni kwamba hakuna aliyekumbuka. Alisimama na aproni yake ya kazi, iliyonyooshwa pasi mpaka mifuko.

"Nimeisoma barua yako," Mkuu alianza. "Sitaki kujua umeandika nini. Nataka kujua umepata wapi namba hizi."

"Mkuu, namba ni za kweli au si za kweli?"

"Wewe huulizi. Unaulizwa. Alama za usaili ni siri ya kamati. Nani alikuonyesha?"

Mama Pasi hakumtazama Karani. Alitazama dirishani, mikono imefumbatwa mbele. Karani aliandika: *Mwenyekiti alimuuliza mlalamikaji alikopata alama.* Kalamu ilikuwa na wino wa kutosha. Kila kitu kilikuwa na kila kinachohitajika, isipokuwa yeye.

Matroni alikuwa ameivuta orodha halisi karibu naye na kuvaa miwani. "Subirini kidogo," alisema. "Huyu mama tulimweka wa kwanza. Nakumbuka vizuri. Mbona hapa kwenye safu ya nne..."

"Matroni, hayo baadaye. Kwanza tujue karatasi imevujia wapi."

"Lakini hii moja si alama, ni..."

"Baadaye! Leo imevuja ya madobi, kesho itavuja ya madaktari." Mkuu aliegemea mbele. "Sikiliza, mama. Nakuuliza mara ya mwisho. Ukitaja aliyekuonyesha, tutaifungua karatasi hii tuikague. Usipotaja, basi namba umezibuni, na lalamiko la kubuni halisikilizwi. Na kibarua mzushi hatumhitaji, hata kwa kibarua. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Nani?"

Sasa alimgeukia mumewe. Hakumtazama kwa hasira. Karani angeipokea hasira. Angeinama ikapita juu yake. Alimtazama kama anavyomtazama akiwa amesimama mlangoni na ndoo kichwani, anangoja mtu amtue. Bwana Stoo alikohoa. Nje mtu alisukuma kitanda chenye gurudumu linalolia, kikapita dirisha la kwanza, la pili, kikaishia. Karani aliinamisha kichwa na mkono wake ukaandika wenyewe, herufi zimelala vizuri.

"Haya," Mkuu alisema. "Tumefunga. Karani, tusomee tutie sahihi."

Ndio utaratibu wa kamati ile: hakuna muhtasari unaotiwa sahihi kabla ya kusomwa kwa sauti, na utaratibu huo aliuleta Karani mwenyewe miaka tisa iliyopita. Alisimama. Alisoma tarehe, waliohudhuria, ajenda. Alisoma swali la mwenyekiti mara ya kwanza na mara ya pili. Halafu akafika mstari wa mwisho, akajaribu kuupunguzia sauti, na chumba kikawa kimya zaidi ili kiusikie.

"Mlalamikaji hakujibu."

"Soma tena hapo," Mama Pasi alisema.

Karani alirudisha macho kwenye mstari. "Mlalamikaji hakujibu."

"Si kweli. Nilikuwa namngojea mwenzangu ajibu." Alisogea hatua moja mpaka mapaja yakagusa meza. "Andika. Aliyenionyesha ni huyu anayeandika. Ni mume wangu. Hakunionyesha kwa kunipendelea, wala hajanipendelea maisha yake yote. Alinionyesha ili nione anavyojua hesabu. Kosa nimeliona mimi, Ijumaa, na mikono yangu ina majivu. Nikamwambia aje aseme. Alikuja jana, akarudi hajasema."

Matroni alivua miwani, akamtazama Karani kwa sura ambayo wauguzi huwa nayo wanapofunua kidonda na kukuta kilivyo.

"Mkuu ameshasema," Mama Pasi aliendelea. "Nikitaja, mtaikagua."

Mkuu wa Utumishi alikuwa ametoa macho, uso umemwiva. "Karani. Ni kweli?"

Karani alitaka kusema mambo mengi. Alitaka kusema kuhusu mwongozo usiotaja nafasi, kuhusu miaka tisa, kuhusu watu ambao wangecheka. Kalamu ilikuwa bado mkononi, na kwa mazoea, kwa sababu swali lilikuwa limeulizwa kikaoni, aliinama akaanza kuliandika.

"Acha kuandika!" Mkuu alipiga meza. "Jibu!"

"Ni kweli."

"Kosa ni lako?"

"Ni langu. Nafasi nilizifanya alama. Ilitakiwa zigeuzwe. Wa kwanza apewe tisa."

Ikawa hivyo, bila mbwembwe. Matroni ndiye aliyesimamia. Aliisukuma karatasi mbele ya Karani, kwa kuwa hakukuwa na mwingine mle ndani aliyejua kujumlisha haraka, na Karani aliigeuza safu ya nne mbele yao, jina kwa jina. Kumi na mbili, ishirini, ishirini, tisa. Sitini na moja, hakuna aliyemkaribia. Ndiyo-Ndiyo alishuka hadi hamsini na moja na akatoka nje ya watatu, yeye na mwingine mmoja. Barua zao zingefuatwa mchana huo huo. Mama Pasi aliposikia jina la Ndiyo-Ndiyo alifumba macho kidogo, akayafumbua.

Kisha Mkuu alimwamuru Karani aandike maazimio. La kwanza, orodha irekebishwe. La pili, mlalamikaji apewe barua ya ajira ya kudumu. La tatu, karani asimamishwe kazi kuanzia leo kwa kutoa siri ya kamati na kwa kuficha kosa alilolijua, akabidhi funguo za kabati kabla ya saa sita. Aliandika yote matatu. Lile la tatu hakulipunguza hata nukta. Alisoma kwa sauti, wakatia sahihi, na mkewe akaomba naye asome kabla ya kuweka yake. Alisoma taratibu, kidole chini ya kila mstari, na Karani alisimama kando akingoja, funguo kiganjani.

Kwenye ukumbi Karani alimkuta mkewe anafunga upya mkanda wa aproni. Aliangalia huku na huku kama kuna mtu.

"Mama watoto," alisema. "Ulikuwa na haja ya kusema yote yale? La hesabu lingetosha. Lile la jana kwamba nilikuja nikarudi, ulisema la nini?"

"Kwa sababu hilo ndilo ulilonifanyia. La hesabu lilikuwa kosa."

Alisimama na mkoba wake. Ilikuwa saa tano kasoro, na kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima hakuwa na mahali anapotakiwa kuwa. "Sasa nyumbani nitamwambia nini mama?"

Mama Pasi alikuwa ameshageuka kuelekea chumba cha kufulia, ambako pasi zilikuwa zimewashwa na majoho ya upasuaji wa mchana yanangoja.

"Sijui," alisema. "Lakini nenda ukamwambie wewe. Mimi nikirudi jioni, nikakuta umenyamaza, nitamwambia mimi, na unajua nitakavyosema."